Alifunga vidonda miaka ishirini na miwili, sasa anafunga ekzosi

Saa mbili kasoro robo asubuhi, nje ya duka la vipuri, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu amekaa kwenye kigoda kifupi, mikono ya blauzi ameikunja hadi viwikoni. Mbele yake kuna pikipiki, na kando ya goti lake ndoo ya maji ambamo umelowekwa utepe mpana wa kuzuia joto. Anautoa, anaukamua, anapiga mzingo wa kwanza nyuma kabisa ya bomba la moshi, chini pale linapoingia kwenye tumbo la ekzosi.

"Usinikimbize, baba," anamwambia mwenye pikipiki, ambaye kila dakika anatazama simu. "Ukinikimbiza nitafunga ovyo, na nikifunga ovyo utakuja kunilaumu."

Kila mzingo unaulalia uliotangulia nusu kwa nusu. Anavuta, anabana, anapanda taratibu kuelekea injini. Akifika juu anakaza kibanio cha chuma, anakata ncha, anapangusa mikono. Dakika arobaini zimepita na hakuna mahali utepe umekunjamana.

Kwenye kituo cha pikipiki kilicho jirani wanamwita Mama Bendeji. Jina lilianza kama utani, naye akalipokea kwa mikono miwili, kwa sababu kufunga bendeji ndiyo kazi iliyomlea. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa msaidizi katika chumba cha vidonda cha zahanati moja.

"Kila wiki nilikuwa napokea watu wanane, tisa, wote jeraha moja," anasimulia. "Mguu wa kulia, shavu la mguu, upande wa ndani. Abiria kashuka upande wa ekzosi, kagusa bomba, basi. Sikuwa na haja ya kuuliza. Namwambia tu, panda kitandani mwanangu, tuone pikipiki imekuandikia nini."

Wiki chache kabla mkataba wake haujaisha, mwenyekiti wa kituo cha pikipiki alimleta abiria aliyeungua. Mwenyekiti huyo ni kijana mtanashati, miwani ya jua hata siku ya mawingu. Alipokuwa akimsindikiza nje, Mama Bendeji aliona pikipiki yake, bomba limeviringishwa utepe mweusi.

"Hiki nini?"

"Urembo, mama. Vijana wa mjini ndio mtindo."

Akalisogezea kiganja. Injini ilikuwa imetoka kuzimwa, lakini joto halikumrukia kama alivyotarajia. Watu walikuwa wanavaa bendeji kama mkufu, na hakuna aliyejua.

"Nilitamani nicheke, nikatamani nilie," anasema. "Miaka yote ile nafunga mguu, kumbe la kufungwa lilikuwa bomba."

Mkataba ulipokwisha, kiinua mgongo chake chote kiliishia kwenye maboksi mawili ya utepe. Siku tatu mumewe aliyaruka maboksi hayo akienda kulala. Siku ya nne aliuliza kama utepe huo wataula kwa chumvi au kwa sukari.

Wateja walianza mmoja mmoja. Hakuwadanganya. Utepe haufanyi bomba kuwa baridi, aliwaambia, unampa mtu nafasi ya kuondoa mguu kabla ngozi haijabaki pale. Aliwaonya pia kwamba siku ya kwanza bomba litafuka moshi, wasiruke.

Jirani yake, fundi anayeitwa Spana, alimtazama wiki nzima kisha akashindwa kujizuia.

"Mama, unaanza mkiani! Moshi unatokea kwenye injini, na wewe anzia huko."

"Mguu hufungwa kuanzia chini," alimjibu. Sababu nyingine hakuwa nayo.

Spana akanunua utepe wake. Yeye alianzia juu, utepe mkavu bila kuuloweka, dakika kumi pikipiki imetoka, na bei nusu. Wateja wakahama. Kati ya pikipiki sitini na nne za kituo, kumi na tisa zilikuwa za Mama Bendeji, thelathini za Spana.

Kisha ikaja mvua, tena mvua kwelikweli. Wiki ya tatu, mabomba yakaanza kutoboka. Pikipiki moja ilikatika ekzosi katikati ya barabara, ikanguruma mpaka watu wakatoka madukani. Mwenyekiti akakata kauli: ifikapo Jumamosi, kila mtu avue utepe, na asiyetaka atafute kituo kingine.

"Maji yalinifika shingoni," Mama Bendeji anakiri. "Boksi moja zima lilikuwa bado chini ya kitanda."

Jumamosi alifika na mkasi wake wa bendeji. Akamwomba mwenyekiti jambo moja tu, wafungue mbili mbele ya wote, moja ya kila fundi. Spana akasema sawa, hana wasiwasi.

Ya Spana ilianza. Utepe ulitoka umeloa, unanuka, na kutu nyekundu ikamwagika chini. Mwenyekiti akabonyeza bomba kwa kidole, kidole kikazama ndani.

Ya Mama Bendeji ilikuwa ya mwenyekiti mwenyewe, aliyevua urembo wake wa mjini akafungiwa upya. Mkasi ulipita, utepe ukaachia. Bomba kavu. Limebadilika rangi kidogo kwa moto, lakini zima.

Spana akainama, akafuata mizingo kwa kidole, mmoja baada ya mwingine. Ndipo akaona. Ukianzia chini, mzingo wa juu unaulalia wa chini kama bati la paa, maji yanateleza yanakwenda zake. Ukianzia juu, kila mzingo unakuwa mfuko wa kukinga mvua.

"Mama," akasema, na kituo kizima kilikuwa kinasikiliza, "nionyeshe huo mkia uko wapi."

Kelele zilizopigwa pale, hata zahanati walizisikia. Amri ya mwenyekiti ikageuzwa kichwa chini miguu juu: sasa hakuna pikipiki inayopanga foleni kituoni bila kufungwa, tena kwa mtindo wa Mama Bendeji. Spana ni msaidizi wake, analoweka utepe bila kuambiwa. Mapato yake, Mama Bendeji anasema kwa tabasamu pana, yamepita mshahara wa zamani mara mbili.

Mji una vituo tisa, viwili vimekwisha. Mpango wake ni kila kituo kiwe na mtu mmoja aliyefundishwa naye.

Anapoeleza hayo, pikipiki inasimama mbele yake. Msichana wa shule anashuka upande wa kulia, upande ule ule, na shavu la mguu linaligusa bomba lililofungwa utepe. Dereva anaachama. Mama Bendeji amekwishanyanyuka nusu.

Msichana anarekebisha soksi, anaweka begi mgongoni na kwenda zake, wala hageuki.

Mama Bendeji anamtazama mpaka anapokata kona. Macho yamemjaa machozi na anacheka.

"Vimebaki saba," anasema.