Mizani ya Marceline

Dada yangu Marceline alikuwa akipima unga wa madini katika maabara ya kiwanda kimoja cha Likasi, mwaka 1970. Aliosha chupa miaka minne kabla ya kupewa mizani, na tangu siku hiyo hakuna aliyelala nyumbani kwetu bila kusikia habari za mizani. Ndipo mashine mpya ya kusaga mawe ikawekwa jirani, na mshale wa mizani ukaanza kucheza. Sampuli moja, majibu matatu. Mkubwa wa maabara, Théodore, akasema dada hana umakini: majibu yasipolingana kufikia Jumamosi, arudi kwenye chupa.

Aliumia sana. Mimi nilikasirika kuliko yeye.

Mafundi walikuja wakafanya wanachokifanya kwa kila kitu kinachotikisika: wakakaza. Bolti nne, kisha nane, mpaka meza ikawa kitu kimoja na sakafu. Mshale ukazidi wazimu.

Jioni hiyo, kwenye kambi ya wafanyakazi tulikoishi, jirani yetu Mama Albertine alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, kinu kikiwa juu ya tairi kuukuu. Nyumba zetu zilishiriki ukuta mmoja, na bila tairi vikombe vya watu huanguka. Sote tuliijua desturi hiyo, wala hatukuwahi kujiuliza kitu. Dada akainama, akaweka kiganja chini karibu na tairi.

"Weye Marceline, uko natafuta nini mu udongo?"

"Mama, twanga tu. Niko nasikiliza."

Kama tairi linazuia mtikisiko kushuka, aliwaza, litauzuia pia kupanda.

Kesho yake akafungua bolti zote. Akalaza mezani mipira ya ndani ya baiskeli, juu yake bamba la zege, na juu ya zege mizani. Mipira iliyojaa upepo haikusaidia. Akaipunguza upepo mpaka ikalainika. Bamba jepesi lilirukaruka. Akaleta la kubebwa na watu wawili. Kitu kizito ni kivivu, alinieleza akicheka: kikisukumwa harakaharaka, msukumo unageuka kabla hakijaamua kusogea.

Jumamosi alipima sampuli moja mara tano, mashine ikinguruma. Jibu moja. Théodore hakuamini, akakaa mwenyewe kupima. Mshale ukayumba polepole kushoto, kulia. Akamtazama dada kwa ushindi.

"Toa mukono ku béton, chef," dada akasema. "Ni mukono yako njo iko natikisa."

Akauondoa kwenye zege. Mshale ukatulia, naye akasoma jibu kwa sauti ndogo. Lilikuwa lilelile la dada.