Upande wa Pili wa Kamba

Mwanangu wa kwanza alijua kutembea kabla mimi sijajua namna ya kumzuia. Nyumba yetu ya Nchelenge ilikuwa karibu sana na ziwa. Siku za upepo tulisikia maji hadi kitandani. Kati ya nyumba na maji palikuwa na uchanja wangu wa kukaushia samaki, na chini yake moto uliotoa moshi tangu asubuhi. Maji huku, moto kule, na katikati mtoto ambaye hata miaka miwili hajafikisha.

Nilifanya kama walivyofanya wanawake wengine wa ufuko ule. Nilimfunga kiunoni kwa kamba ya wavu, na ncha ya pili nikajifunga mwenyewe. Nikienda kugeuza samaki, naye alinifuata. Akikaa kuchezea magamba, nilisikia uzito wake mdogo ukinivuta nyonga, na roho yangu ikatulia.

Jirani aliyekausha samaki kando yangu alikuwa wa ukoo wa chui. Mimi ni wa ukoo wa mbuzi. Kati ya koo hizo mbili kuna utani wa tangu zamani, na mtani hakasirikiwi.

"Mama, leo mbuzi yetu iko imefungwa muzuri," alikuwa akinipigia kelele. "Nimukule asubuhi ao mangaribi?"

"Kula mifupa ya samaki, chui bila meno!"

Siku moja mitumbwi kutoka kisiwa cha Kilwa, humo ziwani mwetu, iliingia mapema kuliko tulivyotazamia. Aliyechelewa kufika majini aliambulia samaki waliopondeka, kwa hiyo nilifungua kamba kiunoni mwangu, nikaifunga kwenye nguzo ya uchanja, upande usio na moshi, nikamwomba jirani amwangalie mtoto.

"Nenda. Nitamulinda mupaka njaa inishike."

Nilipokuwa majini akapita bibi wa misheni, Mzungu aliyetibu watoto. Alikuwa ametokea upande wa Kongo, kama mume wangu, na Kiswahili alikisema vizuri kuliko Kibemba. Alimkuta mwanangu amefungwa kwenye nguzo analia, kiuno kina alama nyekundu, na jirani yangu anamwambia kwa furaha kwamba mbuzi huyo ataliwa leo. Niliporudi na kapu kichwani hakunisalimu. Alinitazama tu, akaenda.

Kesho yake alirudi kwa gari, pamoja na kapaso, yule tarishi wa chifu. Mume wangu alikuwa bado Kilwa na nyavu zake.

"Mama, nitamupeleka mutoto ku misheni," yule bibi alisema. "Atakula, atalala muzuri. Kisha korti itasema."

Alinyoosha mikono. Nilimbeba mwanangu, kamba bado ikituunganisha. Sikujua kama nina haki. Nilijua tu kwamba nina mtoto.

Kapaso akakohoa. Alikuwa mtu wa makamo aliyefanya kazi miaka mingi kwenye migodi ya ng'ambo, upande wa Kongo, na mamuzele ndivyo walivyowaita huko mabibi wa Kizungu wasioolewa.

"Mamuzele, miye banituma kumuita huyu mama. Habakunituma kubeba mutoto. Maneno haiyasikilizwa bado. Mutoto atabaki kwa mama yake mupaka siku ya korti."

Bibi alishusha mikono polepole. Kapaso akanigeukia.

"Na weye, usiingie pale peke yako. Ita kaka yako. Yote yenye banakushitaki, uyasikie kwa kinywa ya mwenye kuyaleta. Kile haujasikia, usikijibu."

Kaka yangu alikuja kutoka Mofwe kwa baiskeli. Mume wangu naye alifika. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo siku ya korti kaka alikaa mbele pamoja nami, na mume wangu nyuma, kofia mikononi. Hakimu wa chifu alimtaka bibi aseme yote aliyoyaona, mbele yangu, huku akinitazama. Alisema. Sauti yake ilitetemeka, nami nilitambua kwamba haongopi: aliogopa kwa ajili ya mtoto, kama mimi nilivyoogopa.

"Na jirani alisema atamukula," alimalizia.

Jirani akaitwa.

"Ni kweli, mukwai," alisema, kwa neno letu la heshima, akainama. "Niko chui."

Korti nzima ikacheka. Kapaso aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Hakimu akamweleza bibi mambo ya utani, bibi akawa mwekundu, kisha akatabasamu. Nikadhani yamekwisha.

Lakini hakimu hakuwa amesahau kamba.

"Ulimufunga ku nguzo?"

"Ndiyo, mukwai."

"Kwa nini?"

Kicheko kilikwisha. Mwanangu alikuwa amelala mapajani pangu, nywele zake zikinuka moshi wa samaki.

"Kamba ilikuwa fupi, mukwai. Haikufika ku moto, haikufika ku maji. Nilipima." Nilimtazama bibi, kisha mtoto. "Lakini alilia, na nguzo haiwezi kumubeba."

Hakimu alimgeukia kaka yangu. "Mutoto ni wenu. Munasema nini?"

Kaka alisimama. "Atafungwa, mukwai, sababu ziwa iko na mamba. Lakini upande wa pili wa kamba kutakuwa mutu. Siku zote."

Bibi alipoulizwa, aliomba jambo moja tu: kiunoni mtoto afungwe kitambaa kipana kwanza, ndipo kamba. Nilikubali kwa moyo wote, maana ile alama hata mimi ilikuwa imeniuma. Hakimu akasema mtoto arudi nyumbani.

Siku chache baadaye mitumbwi iliingia tena. Nilifungua kamba, nikasimama nimeishika, nikitafuta mtu. Jirani alikwisha kufungua kinywa. Mume wangu, aliyekuwa akishona wavu juu ya mtumbwi uliopinduliwa, alinyoosha mkono. Aliichukua ncha, akajifunga kiunoni juu ya suruali.

Wavuvi wenzake wakamwona.

"Ee, baba! Leo nani amemuvua nani?"

"Munyamaze," alijibu, macho yakiwa kwenye wavu. "Mutaamusha samaki yangu."

Nilikimbilia majini pamoja na wengine. Niligeuka mara moja tu. Kamba ilikuwa imelegea, na mtoto alikuwa amelaza kichwa juu ya mguu wa baba yake, ambaye alishona kwa mikono tu, mguu hausogei.