Shafti Nyepesi ya Shemeji Delwin

"Hivi shemeji yako siku hizi anawinda vyuma?" jirani yangu Odeline aliniuliza, akichungulia gereji ya Delwin. Kwenye mizani ya nyama ya kulungu ilining'inia shafti ya pikipiki ya theluji.

Delwin, mume wa dada yangu Merna, ni fundi wa kuchomelea hapa kwetu Idaho. Kila Februari wanandoa wa kanisa letu hupanda mlimani kwa pikipiki za theluji, zile zinazokwenda kwa mkanda mpana badala ya magurudumu, kila mtu na yake, wakarudie viapo vyao vya ndoa kileleni. Mwaka jana Delwin alizama kwenye theluji katika mwinuko wa mwisho. Merna, aliyekwisha kufika, akapaza sauti kutoka juu, "Nakukubali hukohuko uliko, mume wangu!" Watu wakacheka. Delwin naye alicheka, lakini ilimwingia.

Akaamua kupunguza uzito wa pikipiki yake, kuanzia shafti inayozungusha mkanda wa nyuma, maana ile ya zamani ilikuwa chuma kizima, nzito kama mchi. Ya alumini ilimpendeza, ila ilipogonga kisiki kilichofukiwa na theluji ikapinda. Ya nyuzi za kaboni aliibusu kabisa mbele yetu. Ikalala nje kwenye baridi, asubuhi gundi ya ncha zake imeachia. Mwishowe akachukua bomba la chuma kigumu, wazi katikati, akalichomelea ncha polepole, huku akiimba tenzi. Akalitundika kwenye mizani.

"Ratili tatu zimeondoka!"

"Hongera. Sasa jitundike na wewe," alisema Merna.

"Mimi nimefanya nini?"

"Umekula pai tangu Krismasi."

Tukamfunga kamba za kubebea kulungu. Akaning'inia akizunguka taratibu, miguu hewani. Ratili kumi na moja zaidi ya mwaka jana!

"Mizani mbovu hii!"

"Mbona shafti haikulalamika?"

Basi akaacha pai, tena ya matunda ya mlimani, anayoipenda kuliko zote. Kila ilipotoka kwenye oveni alikwenda kukata kuni.

Siku ilipofika tulisimama kileleni tukimwombea. Pikipiki ilinguruma, ikayumba pale pale palipomshinda, mkanda ukatafuna theluji, Mungu si Athumani, akatokea! Merna alimkimbilia hadi akaanguka. Wakaapa wameshikana mikono, barafu kwenye ndevu zake, sisi tukilia na kucheka.

Mchungaji alipomaliza kubariki, Delwin alimgeukia mkewe.

"Merna, naomba kipande cha pai."