Simenti Kwenye Ukuta wa Zamani

Jumamosi, kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mtaani Harborne, ughaibuni, Mkenya mmoja alikuwa akipakia simenti kwenye toroli. Nyumba yake ni ya matofali, ya enzi za Malkia Victoria.

"Nyumba yangu ni ya zamani; chumba cha mtoto hakikauki, na anakohoa," alimwambia mama wa Kisomali aliyekuwa nyuma yake. "Nimepiga plasta mara mbili, unyevu unarudi."

"Ukuta huo wa zamani unapumua, kaka, nawe unauziba kwa simenti, unyevu hautoki. Piga plasta ya chokaa."

"Chokaa? Hiyo si ya nyumba za kina nyanya?"

Mama akagonga mfuko kwa kidole. "Kwani yako ilijengwa jana?"

Jamaa akaanza kurudisha mifuko, mmoja mmoja. Mimi niliyekuwa nikisikiliza kando nilitaka kumcheka. Lakini tusidanganyane: mimi kwangu nilibandua chokaa yote, nikapiga simenti, nikaita maendeleo.