Siku Niliyonusa Chumvi

Nilipofika Kilosa na sanduku langu la bati kuanza kazi ya ualimu, Mwalimu Mkuu hakunipeleka darasani. Alinipeleka jikoni. Uhuru ulikuwa bado mchanga, na shule ilikuwa na ubao, chaki na watoto wengi. Vifaa vya sayansi havikuwapo. "Maabara yako ndiyo hii, mwanangu," akasema akinionyesha masufuria. "Ukishindwa kufundishia hapa, hata ukiletewa chupa za Ulaya utazivunja tu." Nilimwona mzee mkorofi. Alikuwa mkorofi kweli, lakini alisema sawa.

Jikoni pale nilifundisha mambo matatu yanayowatatiza wanafunzi hadi leo. Elementi ni kitu cha asili moja, kama chuma au shaba. Huwezi kukitenganisha kikemia ukapata kitu kingine. Kampaundi ni elementi mbili au zaidi zilizoungana hata zikaacha tabia zake za mwanzo. Chumvi, kwa mfano, ni sodiamu, metali inayolipuka ikitiwa majini, na klorini, gesi ya sumu. Zikishaungana tunakolezea mboga. Mchanganyiko ni vitu vilivyokaa pamoja tu, kila kimoja na tabia yake, kama mchele wenye mawe. Huo mwanamke yeyote na ungo wake anaumaliza.

Enzi za Ujamaa nikahamishiwa kijiji kipya upande wa Mikumi. Lori moja lilihudumia vijiji kadhaa, kwa hiyo mizigo yote ilipanda pamoja. Siku moja lilileta chumvi, nasi tulikuwa tumechoka kula chakula chapwa. Mpishi wa shule akaitia kwenye maharage, watoto wakala, binti yangu Neema akiwa miongoni mwao. Sahani zilikuwa zimeshaoshwa utingo wa lori alipokuja anatweta. Alisema gunia la chumvi lilipasuka njiani, naye akazoa kila kilichokuwa sakafuni mwa lori akakirudisha guniani. Sasa walikuwa wanateremsha mbolea ya shamba la kijiji, nayo ni chembe nyeupe vilevile, wakaona gunia lake moja limetoboka.

Mwenyekiti wa Kijiji alifika nyuma yake. Wajukuu zake nao walisoma kwetu.

"Mwalimu, watoto wamekula mbolea?"

"Sijui, Ndugu Mwenyekiti."

"Kama wewe hujui, nani anajua?"

Neema alikuwa uwanjani anaruka kamba, nami nilimkodolea macho nikitafuta dalili usoni mwake. Ndipo somo langu mwenyewe likanirudia. Kama mbolea imo, imo kama mchanganyiko, haijapoteza tabia yake. Na mbolea ile ikikutana na magadi, yale tunayopikia maharage, pamoja na maji ya moto, hutoa amonia, gesi yenye harufu kali ya mkojo.

Kwanza nilitia mbolea tupu kwenye kikombe, nikaongeza magadi na maji ya moto. Mwenyekiti akainusa, macho yakamtoka machozi. Kisha nikachota chumvi ya juu ya gunia, ya katikati na ya chini, nikaifanya vivyo hivyo kila moja na kikombe chake. Nikanusa. Nikanusa tena. Hapakuwa na harufu yoyote, ila mchanga umetuama chini.

"Ni chumvi na mchanga tu," nikasema.

"Sema tena, Mwalimu."

Nikasema tena. Akaketi chini, kofia mkononi, nami nikalia mbele ya watu bila haya. Baadaye tuligundua kuwa gunia la mbolea lilitobolewa na msumari wakati wa kuteremshwa.

Kesho yake darasa la saba waliiyeyusha ile chumvi majini, wakaichuja kwa kitambaa, wakayachemsha maji mpaka yakakauka. Chumvi ikarudi nyeupe.

Sasa nimestaafu, na walimu vijana wanaonijia kunisalimu wana maabara zenye mabomba. Nafurahi kwa ajili yao. Mimi bado namshukuru yule mzee wa Kilosa na masufuria yake. Neema nilimsimulia mkasa huu alipokuwa mtu mzima, nikidhani atashtuka. Alicheka. Alisema anayakumbuka sana maharage yale, yalikuwa matamu, ila yalikuwa na mchanga.