Chupa Mbili za Mzee Pipa

Jumanne, tarehe 14 Agosti. Mawingu yalitanda tangu alfajiri, baridi ikauma, na mvua haikunyesha.

Mzee Pipa hakuitwa hivyo kwa unene. Alikuwa mwembamba kama ufito. Jina lilitokana na pipa la maji alilopandisha mlimani kila siku kwa mkokoteni wa punda. Huko juu bomba halikufika, na waliokunywa maji walikunywa kwa miguu ya Bibiye, punda wake jike.

Siku hizo Bibiye alikuwa na upele. Alijikuna kwenye nguzo ya banda hadi shingo ikabaki ngozi tupu, na mkanda ulipomgusa alirusha teke.

"Mwite bwana mifugo," alisema mkewe, akichambua nyanya mlangoni.

"Yuko safari mpaka Ijumaa. Mpaka hapo mikanda nivae mimi?"

"Utapendeza, baba watoto. Masikio tayari unayo."

Wakacheka wote wawili.

Dirishani kilikuwapo kichupa kitupu cha mwaka jana, cha dawa ambayo bwana mifugo alimnywesha Bibiye upele ukapona. Pipa alisoma polepole, lakini hakuruka herufi: abamektini. Akachukua chupa ya mkewe ya kuulia utitiri wa nyanya, akasoma: abamektini. Na si aliambiwa upele wa punda nao ni utitiri? Akamimina kifuniko kimoja kwenye maji. Kwa kuwa punda ni mkubwa kuliko mnyanya, akaongeza cha pili, akamnywesha Bibiye.

Mchana Bibiye alianza kutoka udenda. Mdomo wa chini ulining'inia, miguu ikatanuka. Pipa alipunga mkono mbele ya jicho lake; halikupepesa. Kisha Bibiye akaanguka.

Pipa akampigia simu bwana mifugo.

"Umempa ya chupa ipi?"

"Ya nyanya. Lakini ni dawa ileile, nimesoma mwenyewe."

"Ni ileile, mzee wangu. Ila ya mnyama hupimwa kwa uzito wake. Ya shambani ni kali zaidi, na imechanganywa na vitu visivyofaa tumboni."

"Basi niambie ya kuizima."

"Ya kuizima hakuna. Mweke kivulini, mgeuze ubavu mara kwa mara, usimnyweshe kwa nguvu. Nitamwomba mwenzangu aje. Na akifa, mfukie chini sana. Mbwa wakimla, nao watakufa."

Mkewe alileta gunia, akaliweka chini ya kichwa cha Bibiye. "Chupa ningeifungia," alisema.

"Wewe hukumnywesha."

Wakamgeuza, wakamgeuza tena. Kutoka mlimani mwanamke aliita, "Mzee Pipa! Leo umetususa? Tunakufa kiu!" Sikio moja la Bibiye lilitikisika kwa ile sauti aliyoizoea, kisha likatulia.

Mwenzake bwana mifugo alifika jioni, akamgusa Bibiye shingoni, akatikisa kichwa. Akashika jembe, akawasaidia kuchimba.

Asubuhi ya Jumatano Pipa alijaza pipa nusu. Akapitisha mikanda kifuani pake, akasimama katikati ya mikono ya mkokoteni, akainama. Mkewe alitoka, akamtazama. Hakutaja masikio. Alizunguka nyuma, akaweka viganja kwenye pipa, akasukuma.