Tundu Nililolikata Juu ya Tangi la Mafuta

Siku moja naikumbuka, mwanangu, nimekaa ndani ya mashua nautazama mtambo uliozimika, sijui niucheke au niulilie. Mashua zenye mtambo ndiyo kwanza zimeanza kuonekana Unguja, na hii ya Sheikh Nasoro ilikuwa na tanga na mtambo wa mafuta ya taa pamoja. Fundi wake mimi. Chuoni sikufika mbali, lakini mikono yangu ilisoma. Uliza Malindi nzima watakwambia.

Mtambo ulikuwa ukizima kwa uchafu. Tangi la mafuta lina mdomo mdogo, vidole viwili havipiti, na tope limejikalia chini kwa raha zake. Nikasema nitalikata tundu juu, mkono uingie nilisafishe, kisha nilitie kifuniko cha skurubu. Nikalimwaga, nikalikosha, nikalikata kwa patasi tundu la mviringo kama sahani. Kazi ile sijamwona wa kuiweza hata leo. Ukingo wa kifuniko nikauziba kwa deheni, ile chokaa na shahamu tunayopaka matumbo ya vyombo maji yasipenye. Kitu kilichoizuia bahari, kitashindwa na debe la mafuta?

Kesho yake mtambo ukazima. Kufungua, nakuta ute mweupe. Nikasafisha, nikaziba, deheni nyingi zaidi. Ukazima tena. Nikaongeza tena. Nilichanganyikiwa, mwanangu! Nikamshuku muuza mafuta, nikamshuku baharia kwa husuda, nikashuku hata mashetani ya baharini. Kujishuku mwenyewe, hata!

Na muda haukuwepo. Bi Zuwena, mama yake Sheikh Nasoro, alitaka kupelekwa Mkokotoni, dada yake yu hoi. Kwa punda mgongo wake hauwezi, na kaskazi inatupiga usoni, tanga halifai kitu. Kila asubuhi anateremka pwani na kikapu chake, kila asubuhi namrudisha.

"Kesho, Bi, inshallah."

"Kesho ipi, baba? Mgonjwa hangoji fundi."

Siku ya tatu nikanawa mikono pale pwani, akapita Mzee Haji, mtia mafuta taa za msikitini petu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fundi wa mafundi, unanawia nini?"

"Mafuta ya taa. Deheni haitoki kwa maji."

"Na kwa mafuta?"

"Inayeyuka yote."

"Ehee. Na lile tangi umeliziba kwa nini?"

Nikaitazama mikono yangu.

"Kopo langu likivuja mie naliziba kwa sabuni," akasema. "Mafuta hayaili. Ungeniuliza tangu juzi, lakini nani amuulize mtia taa?"

Nikakata ngozi ya mbuzi, nikaipaka sabuni, nikakaza kifuniko. Mtambo ukalia mpaka Mkokotoni bila kukohoa hata mara moja. Tukakuta watu wamekaa matanga. Dada mtu kazikwa jana, baada ya alasiri.

Bi Zuwena alilia, kisha akaniwekea mkono kichwani. "Mungu akuweke, umenifikisha." Basi. Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa dua au adhabu. Nimeigeuza na kuigeuza, sijapata jawabu.

Mwanangu, kujisifu sikukatazi, maana mwenyewe najisifu na nna haki yangu. Lakini kazi ikikukatalia, usirudie lile lile kwa wingi zaidi. Simama, uulize, hata kama wa kuulizwa ni mtu unayempita kila siku bila kumtupia jicho. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mara nyingine anayelipia ni mtu mwingine kabisa.

Mwenyezi Mungu akupe mikono mahiri na ulimi usioona haya kuuliza, na akufikishe kwa uwapendao wangali hai. Amin.